Mwenyekiti Yuko Eda

Vitumbua vya mkupuo wa tatu vilikuwa havijaiva vizuri Maisara alipozima gesi. Wateja wawili waliosimama uchochoroni na visahani vyao walitazamana. Walizoea kumkuta pale mtaani Kuze, kwenye kibaraza cha nyumba aliyopanga, hadi saa mbili na nusu, akigeuza vitumbua kwa kijiti cha chuma na kulalamika: mchele umepanda, nazi imepanda, na yeye badala ya kupandisha bei amekipunguza kitumbua kimo, kwa hiyo asiseme mtu kwamba hawaonei watu huruma. Leo hakulalamika.

"Ndivyo vya mwisho," alisema. "Leo naenda ofisini."

Vitumbua sita alivifunga kwenye karatasi akavitia kikapuni. Chini yake mlikuwa na vitambulisho vitatu, chake na vya wenzake wawili, cheti cha usajili kilichokuwa kinaisha muda wake siku ile ile, na madaftari mawili. Moja lilikuwa jipya. La pili lilikuwa la mwaka 1991, jalada lake limeshonwa kwa uzi wa kofia.

Alipita kwanza chumbani. Chumba hicho, cha chini katika jengo moja la umma ukingoni mwa Mji wa Kale, ndicho ofisi ya Kikundi cha Andika Jina, na Maisara ndiye katibu wake. Mna meza, ubao wa kufundishia, kabati la bati, na godoro linalosimamishwa ukutani mchana. Godoro hilo halikuandikwa popote katika orodha ya mali ya kikundi, maana chumba hakikuruhusiwa kulalwa. Lakini wanawake waliofukuzwa majumbani mwao walikuwa wakilala pale, wiki moja, wiki mbili, hadi jambo lao lipate njia.

Safari hii aliyekuwepo ni Fadhiya, na binti yake wa miaka minne. Hii ilikuwa siku ya tisa. Mkono wa kushoto wa Fadhiya ulikuwa kwenye plasta. Polisi kituoni walimwandikisha, wakamwambia arudi kwa mumewe, Jamaldin, wakapatane.

"Mambo yakoje, mamangu?" Fadhiya aliuliza, akitazama barua iliyobandikwa mlangoni. Ilikuwa pale tangu mwezi uliopita. Kikundi chochote ambacho hakingeonyesha cheti kipya hadi Alhamisi saa kumi alasiri kingetoa vitu vyake. Leo ilikuwa Alhamisi.

"Mpe mtoto vitumbua," Maisara alisema. "Mambo ntakwambia nikirudi."

Ofisi ya usajili ilikuwa ghorofa ya pili ya jengo moja upande wa Mwembe Tayari. Nasipwondi, mweka hazina, alikuwa ameshafika, amekaa kwenye ngazi na koti la kazi mapajani. Nasipwondi ni mtu wa bara, Mkristo, mpagazi wa Yesu kama anavyojiita mwenyewe akitaka kuwachekesha wenzake, na kazi yake ni kuchambua chai kwenye maghala ya Shimanzi. Siku asiyokwenda hailipwi. Alijiunga na kikundi miaka kumi na moja iliyopita, alipokuja kutafuta mtu wa kumsindikiza hospitali, na tangu hapo amewasindikiza wengine wasiohesabika.

Walisubiri hadi saa nne kasorobo. Afisa aliyewapokea aliitwa Griffins, kijana mwenye shati lililopigwa pasi na adabu zake zote. Aliwaamkia shikamoo, akawakalisha, akapokea karatasi moja moja na kuzipanga sawa. Kisha akavuta kijisanduku cheusi, kidogo kuliko kopo la chai, chenye kioo cha kuwekea kidole.

"Huu ni utaratibu mpya tangu Januari," alisema. "Viongozi watatu, kila mmoja anaweka dole gumba mwenyewe. Sahihi hatuchukui tena. Nani mwenyekiti?"

Maisara alimwangalia Nasipwondi. Hakuna aliyekuwa amewaambia habari hiyo. Walikuja na sahihi ya mwenyekiti, imetiwa vizuri mahali pake, na walidhani yatosha.

"Mwenyekiti ni Bi Mwanaesha," alisema. "Yuko eda. Amefiwa na mumewe. Kwetu sisi mjane hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Leo yake ni ya sitini."

"Poleni sana. Basi aje akimaliza."

"Akimaliza tutakuwa hatuna chumba. Barua yasema leo saa kumi."

"Hiyo barua si yetu, mama. Ni ya ofisi ya majengo." Aliigeuza fomu nyuma na kuisoma, na kwa kweli alionekana kutafuta. "Kuna sehemu ya asiyeweza kufika. Mgonjwa, kwa barua ya daktari, tunamfuata. Mfungwa, afisa anamfuata gerezani. Aliye nchi za nje anaenda ubalozini. Mjane hayumo."

"Mfuate kama mfungwa basi," Nasipwondi alisema. "Ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Na hilo sanduku ntakubebea mimi."

Griffins alitabasamu, halafu akaacha. "Mashine ni mali ya serikali. Haitoki bila idhini, na idhini ina sababu zake hizo tatu. Lakini mnaweza kuchagua mwenyekiti mwingine. Hata sasa hivi, mkiniletea kumbukumbu za mkutano."

Maisara alifungua daftari la zamani, akamwonyesha kifungu cha tatu cha katiba ya kikundi. Kiliandikwa kwa kalamu ya wino, kwa mkono wa mtu aliyekuwa bado anajifunza: Mwanamke hataondolewa cheo wala haki yake kwa kuwa yuko eda.

Kijana alikisoma mara mbili. "Mmejifunga wenyewe," alisema, tena kwa upole.

Maneno hayo yalimchoma Maisara kwa sababu yalikuwa kweli. Mzee Sabir, mume wa Bi Mwanaesha, alipofariki, miezi miwili nyuma, wanachama wengine walitaka mwenyekiti wa muda. Yeye Maisara ndiye aliyesimama akasema katiba ni katiba. Walimpigia makofi. Angejua habari za kijisanduku cheusi, angenyamaza.

Nyumba ya Bi Mwanaesha ni ya ghorofa moja, na yeye anamiliki ghorofa hiyo ya juu tu. Chini ni kwa watu wengine. Maisara alipanda ngazi, akabisha, akamkuta mwenyekiti amekaa mkekani na leso nyeupe, anachagua mawe kwenye mchele. Alikuwa na miaka sitini na saba. Tangu aingie eda alikuwa amepungua mwili, lakini sauti ilikuwa ile ile.

"Subalkheri, Bi Mwanaesha."

"Akheri, mwanangu. Uso wako hauna kheri. Sema."

Maisara alisema yote. Bi Mwanaesha alimsikiliza mpaka mwisho huku vidole vyake vikiendelea kuchagua mawe.

Nyumba hii ndiyo iliyokianzisha kikundi. Mwaka 1991 Bi Mwanaesha alifiwa na mume wake wa kwanza, fundi wa kuchonga milango, aliyeandikisha nyumba yote kwa jina la mkewe. Mjane alikuwa na miaka thelathini na mitatu. Akiwa ndani ya eda, shemeji zake walikwenda ofisini na mwanamke aliyejifunika buibui gubigubi, wakasema huyu ndiye mjane, na mwanamke yule akatia dole gumba kwenye karatasi za kuiuza haki ya mwenzake. Hadi leo haijulikani alikuwa nani. Bi Mwanaesha alipolalamika aliambiwa kwamba mwenye haki huja mwenyewe. Kama hakuja, ni shauri lake.

Wanawake watano wa mtaani walikuwa wakija kumwangalia. Mikutano yao ya kwanza ilifanyika hapa hapa mkekani, maana yeye hakuweza kutoka. Walikwenda ofisi hadi ofisi kwa niaba yake. Walitukanwa, waume zao waliitwa barazani wakaulizwa wameshindwa na nini. Ilichukua miaka mitatu, na walichopata ni ghorofa ya juu peke yake. Lakini katika miaka hiyo waligundua kwamba karibu kila nyumba ina hadithi ya dole gumba. Ndipo wakaanza darasa, na somo la kwanza halikuwa alifu wala a. Mwanamke alifundishwa kuandika jina lake mpaka aliandike bila kutazama, ili asiwekewe kidole na mtu mwingine. Katika ukurasa wa kwanza wa daftari lipo jina la marehemu mamake Maisara, Rukia, limeandikwa mara kumi na nne.

"Miaka yote hii twawambia watu waache dole gumba waandike jina," Bi Mwanaesha alisema. "Sasa serikali yataka dole gumba."

"Ndiyo mashine zao za siku hizi. Bi Mwanaesha, sharia yamruhusu mjane kutoka mchana kwa haja. Tukuchukulie tuktuk hapo chini, dakika kumi umerudi."

"Naijua sharia. Kwa hospitali ningetoka, na mahakamani ningetoka." Alisukuma sinia kando. "Wale waliponiambia mwenye haki huja mwenyewe, nilisema la, mjane hatolewi ndani ili apewe haki yake, afuatwe alipo. Nimeisema mbele ya kadhi, nimeisema mbele ya mkuu wa wilaya. Kuna wanawake waliofuatwa majumbani mwao kwa sababu niliisema. Nikishuka ngazi leo kwa ajili ya karatasi, kesho kila karani atasema, mbona mwenyekiti wenu alikuja?"

"Na Fadhiya alale wapi?"

Bi Mwanaesha alipangusa vumbi la mchele vidoleni. Hasira ilimpanda Maisara. Alimpenda mwanamke huyu kuliko shangazi zake, na wakati ule alitamani kumshika mkono amburute ngazini. Msimamo ni kitu kizuri kwa mtu mwenye ghorofa.

"Niletee kalamu," Bi Mwanaesha alisema hatimaye.

Aliandika barua ya nusu ukurasa. Alimwomba afisa afike na mashine yake, akamtajia mtaa, akamwambia mlangoni atapokewa na ndani atawekewa pazia, mkono ndio utakaotoka. Akatia sahihi.

Maisara alirudi Mwembe Tayari kwa miguu, alikomwacha Nasipwondi akingoja. Griffins alikuwa amekwenda kula. Aliporudi ilikuwa saa nane na nusu. Aliisoma barua yote, akaipiga muhuri wa kupokelewa, akaitia kwenye faili.

"Imeandikwa vizuri," alisema. "Nitaipeleka juu. Jibu huchukua wiki tatu."

"Tumebakiwa na saa moja na nusu."

"Najua, mama. Lakini nikitoa mashine bila idhini, kazi ndiyo hiyo nimepoteza. Na mimi nina watoto."

Hakuwa mtu mbaya. Maisara angependa awe mbaya, angalau angemfokea.

Kwenye ngazi, karani mmoja anayebeba mafaili aliwafuata. Jina lake Kingi, na alionekana kuyajua matatizo ya watu wote waliopita kwenye jengo lile.

"Mnajisumbua bure," alisema kwa sauti ya chini. "Kitambulisho cha mama mnacho. Vidole vyake haviko kwenye mashine, ndiyo mara ya kwanza. Hakuna cha kulinganisha. Leteni mama yeyote wa umri ule aliyejifunika. Griffins hamfunui mtu uso, anaogopa kesi. Mimi mnifikirie tu na chai."

Akaondoka na mafaili yake. Nasipwondi ndiye aliyezungumza kwanza.

"Dada Maisara, yule mtoto ana miaka minne."

"Najua ana miaka mingapi."

"Hatuibi cha mtu. Mwenyekiti ni yeye, kikundi ni chetu. Mwenye mali hapa hadhulumiwi."

Ilikuwa kweli pia. Maisara alitoa simu. Mke wa kakake, Nasiha, alikuwa na miaka sitini na tatu, hujifunika uso, na nyumbani kwake ni nyuma ya msikiti wa pili, angefika kabla ya saa tisa. Simu ililia mara mbili.

"Wifi, u hali gani?" Nasiha alisema.

Maisara aliinama kutafuta kitambulisho cha Bi Mwanaesha kikapuni, ili amsomee Nasiha jina na mwaka wa kuzaliwa aukariri. Vitumbua vya asubuhi vilikuwa vimelitia mafuta daftari la 1991. Doa lilikuwa limepenya jalada hadi ukurasa wa kwanza. Alilifuta kwa pindo la mtandio, likazidi kuenea juu ya jina la mamake.

"Wifi? Wanisikia?"

"Nakusikia. Nilitaka kukujulia hali tu."

"Salama, alhamdulillahi. Na wewe?"

"Salama," Maisara alisema, akakata simu.

Nasipwondi akavaa koti lake la kazi ingawa joto lilikuwa kali. "Haya," alisema. "Twende tukafunge virago."

Maisara alikuwa analia, na hakujificha. Alilia kwa uchovu, na kwa aibu ya kupiga ile simu, na kwa kuwa hakujua kama amefanya jambo la haki au amemtoa mtoto wa watu nje kwa ajili ya daftari.

Saa kumi kamili mtu wa ofisi ya majengo alikuja na kufuli jipya. Alingoja hadi meza imetolewa, hata akasaidia kubeba kabati. Ubao ulikuwa umepigiliwa misumari ukutani, akasema ubaki. Juu yake lilikuwa jina la Fadhiya, limeandikwa kwa chaki na Fadhiya mwenyewe. Alikuwa anaandika vizuri tangu zamani, alikuwa akimwonyesha bintiye.

Meza na kabati walivitia ukumbini kwa muuza magodoro wa jirani. Madaftari, godoro, mfuko wa nguo na mtoto walivibeba wenyewe hadi ndani ya Mji wa Kale, kwa Bi Mwanaesha. Njiani Fadhiya hakuuliza wanakwenda wapi. Maisara naye hakuwa ametumwa amlete kule. Miguu ilikwenda yenyewe.

Bi Mwanaesha alikuwa mlangoni juu ya ngazi kabla hawajabisha. Nyuma yake chumba cha pili kilikuwa kimefagiliwa, na kitanda cha marehemu Mzee Sabir kimetandikwa shuka safi.

"Mumechelewa," alisema. "Wali umeshapoa."

Jamaldin alikuja kabla ya adhana ya magharibi. Aliyemwambia hakujulikana, mtaani watu huona. Alikuwa amevaa kanzu safi, amekuja na mjomba wake, na walipanda ngazi kwa vishindo. Maisara alitoka akaufunga mlango nyuma yake.

"Salamu alaikum. Nimekuja kumchukua mke wangu."

"Wa alaikum salaam. Ndani mna eda."

Mkono wa Jamaldin ulikuwa umeshafika kwenye kitasa, akaurudisha.

"Mwite atoke, basi."

"Amekuja kukaa na mwenye eda. Hatoki, na mwanamume asiye maharimu haingii. Ukitaka kusema neno, liseme hapa, tutalifikisha."

Mjomba alimvuta mpwawe kwa mkono wa kanzu. "Twende. Watu watatusema," alisema. Jamaldin alisimama kidogo, uso umemvimba, kisha akashuka. Afisa wa polisi hakuwahi kumrudisha nyuma, wala chifu. Mlango wa mjane ulimrudisha.

Maisara alibaki kwenye ngazi mpaka akawaona wametokomea uchochoroni. Aliporudi ndani, Nasipwondi alikuwa anamlisha mtoto, na Bi Mwanaesha ameshika tasbihi.

"Eda yangu imebaki siku sitini na nane," Bi Mwanaesha alimwambia Fadhiya. "Siku hizo zote u wangu."

"Na zikiisha?"

Bi Mwanaesha alizungusha punje mbili tatu za tasbihi.

"Hiyo ni ajenda ya kwanza ya mkutano ujao," alisema. "Maisara, iandike."

Maisara alifungua daftari jipya. Aliandika tarehe. Aliandika kwamba mkutano umefanyika nyumbani kwa mwenyekiti kwa kuwa yuko eda. Aliandika waliohudhuria ni wanne na mtoto mmoja. Aliandika kwamba kikundi hakina cheti wala chumba kuanzia leo saa kumi alasiri, na kwamba kinaendelea. Kisha akamsogezea Bi Mwanaesha daftari na kalamu.

Bi Mwanaesha aliandika jina lake lote bila kutazama sana, herufi tisa, akapiga mstari chini. Ilimchukua muda wa mtu kupenga kamasi. Alirudisha kalamu akauliza kama kuna aliyekumbuka kununua mafuta ya taa, kwa kuwa umeme ulikuwa umekatika tena.